Papa Sefu Kasongo, Mtu Aliyekataa Kufupisha

Tarehe 30 Juni 1989, baada ya miaka ishirini na sita na miezi mitatu ya kazi, Papa Sefu Kasongo, mkuu wa nyaraka, anastaafu kutoka kituo chetu cha utafiti wa kilimo na misitu hapa Kisangani. Mkurugenzi aliagiza wasifu wa ukurasa mmoja. Papa Sefu alipopata habari aliuliza ni nani aliyepima maisha yake akaona yanaenea hapo. Waliofanya naye kazi hawatashangaa.

Alizaliwa Kibombo, Maniema, akaja kwa meli mpaka Ubundu, kisha kwa treni. Aliajiriwa Machi 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville. Kazi yake ilikuwa kupokea ripoti za watafiti waliokwenda Masako, Isangi na Opala kuwauliza watu wanalima nini, wapi, na shamba hulipumzisha miaka mingapi. Wazee wa huko hawajibu kwa neno moja, kwa hiyo ripoti zilikuwa ndefu. Katika vurugu za miaka ile alihamishia masanduku arobaini ya ripoti nyumbani kwake Kabondo. Mkewe, Mama Aziza, alipika na kulala katikati ya karatasi kwa miezi minane, na hajalisamehe jambo hilo. Masanduku thelathini na tisa yalirudi salama. La arobaini lililiwa na mchwa, na Papa Sefu hulitaja kama mtu anavyotaja msiba.

Mwaka 1986 zikaja kompyuta mbili, na pamoja nazo Timothée, mhandisi kijana kutoka Kinshasa. Alitueleza kwamba programu yake hupanga habari katika majedwali yanayounganishwa kwa namba: jedwali moja la watafiti, jingine la vijiji, jingine la ripoti. Yote mazuri. Papa Sefu akauliza maneno ya wazee yatakaa wapi. Ikadhihirika kwamba kila chumba cha jedwali kinapokea herufi mia mbili hamsini na nne, basi. Kulikuwa pia na mfuko wa maandishi marefu, lakini ulijaa kwa kurasa mbili, na neno likishaingia humo mashine haikuweza kulitafuta. Timothée akashauri kila ripoti ifupishwe ienee chumbani. Mkurugenzi akafurahi. Papa Sefu hakufurahi.

“Papa, machine haina kosa,” Timothée alimwambia. “Ni ninyi munaandikaka sana.”

“Muzee amesema kurasa makumi sita,” Papa Sefu akajibu, “na weye unataka nimufunge ndani ya mistari tatu? Alors, wende kwake, umuambie anyamaze.”

Mabishano yalidumu majuma matatu, na sisi wengine tulichoka na wote wawili. Mwishowe Papa Sefu alikuja na daftari. Kama chumba ni kidogo, alisema, tutatumia vyumba vingi. Kila ripoti ikatwe vipande vya herufi zisizozidi mia mbili hamsini na nne, kila kipande kiwe mstari wake, na pembeni kiandikwe namba ya ripoti, ukurasa na zamu yake. Jedwali la pili liwe la maneno: kila neno lenye maana, na namba za vipande linamopatikana. Timothée alikuna kichwa, akakubali kwamba inawezekana. Hakusema nani atapiga chapa.

Ni mimi, Odile, ninayeandika haya. Kwa miaka miwili nilikata maneno ya wazee vipande vipande. Umeme ulikatika karibu kila siku, mara nyingi kabla sijahifadhi kitu. Kupanga upya jedwali la maneno kulichukua asubuhi nzima. Nilibonyeza kitufe nikaenda sokoni, nikarudi, bado. Na Papa Sefu alikuwa nyuma yangu, akisoma kila kipande kwenye kioo na kunirudisha kwa sababu ya koma. Mara mbili nilimwomba mkurugenzi anihamishe. Mara mbili alikataa.

Oktoba 1988 alifika Mama Germaine, kutoka kijiji cha Yabokele, njia ya Opala. Kampuni moja ya mbao ilikuwa imeomba msitu wao, ikidai ardhi hiyo haijawahi kulimwa na mtu. Tume ya uchunguzi ingekaa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alikumbuka kwamba zamani mtafiti mmoja alimhoji baba yake. Jina la mtafiti hakulijua, wala mwaka.

“Baba alisema mashamba yote,” alisema. “Ule kijana ya miwani aliandika siku mbili. Donc iko hapa.”

Watafiti wetu wote huvaa miwani. Nilitafuta Yabokele katika jedwali la maneno: hakuna. Nilitafuta jina la baba yake: hakuna. Timothée akasema kama mashine haikuona kitu, basi hakipo. Papa Sefu alimgeukia Mama Germaine na kumuuliza watu wa kwao huchota maji wapi. Akataja kijito cha Losele. Nilipoandika Losele, vikatoka vipande kumi na vinne, vyote vya ripoti moja ya mwaka 1968. Mpiga chapa wa wakati ule alikuwa ameandika Iabokele, na jina la mzee alilikosea pia.

Umeme ukakatika hapo hapo. Lakini tulikuwa tumeshaona namba, na Papa Sefu alikwenda moja kwa moja kabatini akatoa karatasi yenyewe. Ukurasa wa arobaini na saba, mzee alitaja mashamba kumi na moja kwa majina, walioyalima, na yale yaliyopumzishwa. Papa Sefu alisoma kwa sauti. Mama Germaine alisikiliza amesimama, na usomaji ulipofika kwenye shamba la mama yake, alifunika uso kwa kitambaa chake.

Alhamisi tume iliusoma ukurasa huo. Mpaka wa kampuni ulisogezwa ng’ambo ya Losele. Papa Sefu alirudi ofisini amenuna kwa ajili ya majina yaliyokosewa, akadai jedwali la tatu: kila jina na namna zote lilivyowahi kuandikwa. Nilipiga chapa majina mia tisa.

Leo ripoti mia mbili na kumi na mbili zimo katika mashine. Mia moja sitini na nane zinangoja. Juma lililopita, Papa Sefu akiwa anawaaga majirani wa kazini, mkurugenzi aliniita akapendekeza hizo zilizobaki zifupishwe, tumalize kabla ya Desemba. Nilimwambia hapana. Aliuliza kwa nini. Nilijibu kwa nusu saa.

Papa Sefu, asante kwa kazi, na hata kwa koma. Wasifu huu umefika ukurasa wa pili, na mkurugenzi ameacha kuuliza. Mungu akupe afya wewe na Mama Aziza, nyumba isiyo na sanduku hata moja, na wajukuu wenye masikio. Wala asitokee mtu wa kukukatiza maneno.