Moto wa Miguu ya Mama Witness

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliopanda mlima huu kwenye utelezi, familia inawaomba mtulie, maana marehemu mwenyewe aliagiza haya yasomwe yote, hata yale ambayo watu wangependa yarukwe.

Marehemu Angelina Mikaeli Kondo, ambaye wengi mlimwita Mama Witness, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Mgeta, akasoma shule ya msingi hapa hapa na kuhitimu mwaka 1976, kisha akashika jembe, na tangu hapo kabichi na njegere zake zikashuka Dar es Salaam kila msimu, akiziteremsha mwenyewe kichwani hadi kwenye malori, na vijana waliojaribu kufuatana naye kwenye ule mteremko wanajua walivyoachwa.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Ernest Jonathan, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, Witness, Jesca na Jonathan.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na kisukari, akaanza kliniki mjini Morogoro, ingawa si kila mwezi, kwani kabichi haimngoji mtu. Miaka mitatu baadaye miguu ikaanza kumwaka moto, akawa analala ameitoa nje ya blanketi kwenye baridi hii yetu, lakini kliniki hakusema, kwa sababu dukani kulikuwa na aspirini, na aspirini ilimtuliza kidogo. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akawagawia wenzake waliolalamika miguu pale malori yanapopakiwa, mkamwita Mama Aspirini, naye jina hilo akalipenda.

Mwaka 2021 moto ukazimika. Akapeleka tenga la kabichi kanisani kushukuru, akasimama mbele yenu kushuhudia kwamba dawa ni ile. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje Mama Witness anarudi kutoka barabarani na kandambili moja, nyingine kaiacha njiani bila habari, watu walicheka tu, naye akacheka nao. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, ila yeye hata kovu hakuwa nalo la kuonekana.

Tarehe 22 Juni 2024, alasiri ya baridi na manyunyu, alirudi kutoka shambani, akaketi jikoni kuota moto, miguu karibu na mafiga kama wafanyavyo watu wote wa huku juu. Akasikia harufu, akamuuliza Witness nani kasahau kiazi motoni. Hakikuwa kiazi, ulikuwa mguu wake wa kulia, na yeye alikuwa bado anapiga soga.

Mguu ulikatwa chini ya goti mwezi Agosti. Daktari alimweleza kwamba mishipa yake ya fahamu haikuuawa na aspirini, iliuawa na sukari, ila aspirini ilimpunguzia maumivu naye akaacha kuyasema, na siku moto ulipozimika hakuwa amepona, mishipa ndiyo ilikuwa imekufa. Marehemu alilia sana siku ile, akiwalilia wale aliowagawia. Akaomba abebwe hadi barabarani siku za malori, akawaambia mwende kliniki mkapimwe, na wale waliopewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo wasiiache bila kumuuliza, mkampa pole, mkamsikiliza, halafu baadhi yenu mkamnong'oneza kumuuliza kama bado anazo zile aspirini kidogo. Hilo lilimuuma kuliko kisu.

Mwezi Januari 2025 kidonda cha mguu wa pili, ambao nao ulikuwa haumwambii kitu, kilimrudisha hospitali, sumu ikaingia kwenye damu, na alfajiri ya tarehe 9 Februari akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani, na wakulima wenzake mliovuna njegere zake ili zisiozee shambani.

Agizo lake la mwisho ni hili. Leo mkitoka makaburini mtanawa udongo miguuni kama desturi yetu ilivyo. Kabla hamjanawa, kila mmoja ageuze nyayo zake azitazame, asiyeweza kujiona amwombe mwanawe, na atakayekuta kidonda asichokuwa na habari nacho, asikimezee kidonge, kesho aende hospitali.

Mama Witness, lala kwa amani, nyayo tutazitazama.