Karatasi ya Kijani Niliyoificha

Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, na ninyi wageni mliokuja kuchukua mbegu kwa mara ya kwanza, amani iwe kwenu. Wenzangu Waislamu, asalaam aleikum. Wenzangu tunaosali Jumapili, Bwana asifiwe.

Mwenyekiti amenipangia niwafundishe namna ya kutunza mbegu ya uyoga nyumbani. Nitafundisha, msiwe na wasiwasi, chupa zangu nimekuja nazo. Ila nimemwomba kwanza nafasi ya kueleza jambo nililolifanya mimi mwenyewe. Sitaki mtu apokee chupa mkononi mwangu bila kunijua.

Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, na nyumbani ni hapa hapa Katubuka. Uyoga nilijifunza kwenye semina ya siku tatu. Wenzangu walirudi wakapanda mifuko miwili mitatu ya mamama, ule uyoga mweupe wa kufuga, wakala, wakaridhika. Mimi nikashikwa. Nilitaka kujua mbegu yenyewe inatoka wapi. Nikajifunza kuchemsha viazi, kugandisha ile supu yake ndani ya chupa kama jeli, na kupandikiza kipande kidogo cha uyoga mle ndani, taa ya spiriti ikiwaka pembeni ili uchafu usiingie. Baada ya wiki mbili unaona nyuzi nyeupe zimetanda kama pamba. Hiyo ndiyo mbegu mama. Ukiitunza kwenye friji, unaitumia miezi.

Ndugu zangu, nilivipenda vile vichupa kupita kiasi! Mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini, alikuwa akifungua friji kutafuta maji ya kunywa anakuta chupa tupu, namaanisha chupa na chupa. Alikuwa anacheka tu. Majirani wakaanza kuniita Mama Uyoga. Mtu akiokota uyoga shambani ananiletea nimwambie kama unalika. Na mimi nilikuwa nawajibu, huo unalika, huo tupa. Nani alinifundisha uyoga wa porini? Hakuna. Semina ilikuwa ya mamama peke yake. Lakini ukishaitwa Mama Uyoga, kusema "sijui" kunakuwa kugumu.

Basi mvua za kwanza zikanyesha. Pembeni ya uwanja wa mpira, kwenye majani, ukaota uyoga mkubwa, mweupe, umefunguka kama mwamvuli, una magamba ya kahawia juu. Mzuri jamani! Nikauchuma kapu zima. Nia yangu ilikuwa nipate vumbi lake, zile mbegu zake za asili zinazodondoka chini ya kofia. Unafanya hivi: unakata kofia, unailaza juu ya karatasi nyeupe, unafunika na bakuli, unaacha mpaka kesho. Vumbi linabaki kwenye karatasi, unakunja, unahifadhi.

Nikalaza kofia moja. Zilizobaki zilikuwa nyingi, na siku hiyo nilikuwa na wageni. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kasulu pamoja na wifi yangu. Nikampa wifi lile kapu.

Akalitazama. Akaniuliza, "Wifi, huu una uhakika nao?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye ninayefuga uyoga, na wewe unaniuliza mimi?"

Nataka mlisikie vizuri jibu hilo, maana mimi nalisikia mpaka leo. Wifi akaupika. Akapika pia dagaa walionunuliwa kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake sokoni, mama mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mimi sikukaa kula. Nilikuwa na sare za shule za kupeleka kwa mteja, nikaondoka zangu.

Saa nane mchana simu ikaita. Jirani. "Rudi nyumbani, wageni wako wanatapika." Nilifika nikamkuta wifi amejikunja ukumbini, na mama mkwe amelala chini, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Kutapika na kuharisha, bila kupumzika. Tukawapakia kwenye bajaji mbili mpaka hospitali, na mume wangu akatukuta huko huko.

Wakawekewa dripu. Daktari, dada mmoja mpole, akaniuliza wamekula nini. Mume wangu amesimama kulia kwangu, ananitazama. Mama yake ndiye amelala pale.

Nikasema, "Dagaa. Labda dagaa walikuwa wameharibika."

Daktari akaandika. Kisha akainua macho. "Hakuna uyoga? Msimu huu tunawapokea waliokula uyoga. Kama ni uyoga niambie, kuna vitu vingine lazima niviangalie."

Nikasema, "Hapana, hakuna uyoga."

Mara mbili, ndugu zangu. Niliulizwa mara mbili na mtu aliyekuwa anajaribu kumwokoa mama mkwe wangu, na mara zote mbili nikajiokoa mimi. Wifi alikuwa hajiwezi hata kusema jina lake.

Mungu ni wa huruma, walipona. Wifi alitoka baada ya siku mbili. Mama mkwe alikaa siku tano, na kwa umri wake kila siku nilikuwa nahesabu pumzi zake. Asubuhi ya pili nilikwenda nyumbani kuwachukulia nguo. Nikalikumbuka lile bakuli. Nikalifunua. Vumbi lilikuwa limeshadondoka, na rangi yake ilikuwa kijani, kijani ya kufifia kama majani ya chai mabichi. Sijawahi kuona uyoga wa chakula ukiacha rangi hiyo. Baadaye mwalimu wetu wa semina alinithibitishia kwamba ndiyo alama ya mmoja wa uyoga unaolaza watu hospitali. Ningesubiri usiku mmoja tu, kabla ya kupika, nisingesimama hapa na habari hii.

Ile karatasi sikuitupa. Niliikunja, nikaificha kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Wifi aliporudi nyumbani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nadhani ni ule uyoga." Nikamwambia mbona majirani nao wamelalamikia dagaa. Uongo mtupu. Hakuna jirani aliyekuwa amelalamika.

Lakini baada ya pale wakaanza. Neno likitoka halirudi. "Usinunue kwa yule, dagaa wake wamelaza watu hospitali." Yule mama alikuwa anakaa na furushi lake tangu asubuhi mpaka soko linafungwa, watu wanapita mbele yake wanakwenda meza ya pili. Siku moja akaja kwangu kwenye cherehani. Hakuja kugombana. Akauliza, "Mama, ndagala zangu zilikuwa na nini? Niambie, nijue. Mie na watoto wangu tulikula zile zile."

Nikainamia kitambaa, nikamwambia sijui. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga cherehani na sindano haikuwa hata na uzi.

Baada ya wiki chache meza yake sokoni ikawa na mtu mwingine.

Mimi nikaendelea kuitwa Mama Uyoga. Ila nilishindwa kufungua ile friji. Nikikamata chupa nafanya haraka niirudishe, na ukifanya haraka uchafu unaingia. Chupa zikaota ukungu moja baada ya nyingine. Lebo nilikuwa nimeacha kuandika zamani, kwa kujiamini, kwa hiyo sikujua hata ipi ni ipi. Nikazifukia zote nyuma ya nyumba. Banda la kikundi chetu, ambalo funguo zake nilikuwa nazo mimi, likabaki tupu, nikawa nawaambia watu nimechoka, nimeona nishone tu.

Miezi ikapita. Mama mkwe akaja tena kututembelea. Tuko jikoni wawili, ananichambulia maharage, akaniambia bila kunitazama, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nimeokota uyoga tangu nikiwa mtoto. Ule wa siku ile haukuwa wetu. Niliuona."

Nikamuuliza, "Sasa mama, kwa nini ulikula?"

Akasema, "Nilisema mkwe wangu amesoma."

Nikalia, jamani. Nilipiga magoti pale pale jikoni, nikamwomba radhi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mimi nimeshapona. Yule wa dagaa bado."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kukuombea mwaka mzima, lakini kuna siku sentensi moja tu inakutoa kitandani. Siku hiyo hiyo nilimweleza mume wangu. Hakunipiga, hakunitukana, alisema tu, "Nenda ukamalize." Nikaenda hospitali kwanza, nikamtafuta yule daktari, nikamwambia ukweli. Akanishukuru. Akasema watu wengi huficha, na kuficha huko ndiko kunakoua.

Kisha nikashuka mwaloni Kibirizi, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Nilikuwa nimesikia yule mama anaanika dagaa wa watu wengine kwa kibarua. Nilimkuta ameinama kwenye chanja. Nikamtolea ile karatasi, nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akaishika. Akaigeuza. Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

Akaniambia, "Msamaha unaniletea hapa mwaloni, nani anasikia? Weye ulinitoa sokoni. Nenda useme kule kule sokoni."

Alikuwa na haki. Kesho yake asubuhi, soko limejaa, nilisimama mbele ya meza za samaki na ile karatasi mkononi, nikasema kwa sauti: dagaa wa mama yule walikuwa wazima, walioumiza familia yangu ni uyoga wangu, na mimi nilidanganya. Kuna walionizomea. Mmoja alinirushia maji ya samaki. Nikakaa pale pale mpaka nikamaliza kusema. Na niwaambie kitu, nilipotoka sokoni nikinuka samaki, nilitembea vizuri kuliko nilivyotembea miezi yote ile.

Hakunisamehe siku hiyo. Watu wanapenda ushuhuda uishie hapo, lakini haikuwa hivyo. Alirudishiwa nafasi sokoni, wateja wakarudi polepole, na mimi akawa ananijibu salamu tu. Kama miezi mitatu hivi. Halafu siku moja akaja kwangu akasema, "Nifunze huo uyoga. Lakini nitasimama hapo, nione kila unachofanya."

Nikaomba mbegu mama mpya kwa mwalimu wetu, nikaanza upya, naye akiwa amesimama pale. Leo ndiye anayekagua chupa zetu zote za kikundi. Chupa isiyo na lebo, haina aina wala tarehe, anaimwaga, hata kama ni yangu. Ameshamwaga zangu mbili! Ameketi pale mbele, na yeye ndiye aliyeniruhusu niwaeleze haya. Mama, kama mnavyosema kwenu, aksanti sana.

Namshukuru mama mkwe wangu, aliyeniambia kweli bila kunidhalilisha. Namshukuru wifi yangu, ambaye alikuwa na haki ya kutonipikia tena, na bado anapika. Namshukuru mume wangu, yule daktari, mwalimu wetu, na ninyi wa kikundi mlionipa tena funguo za banda.

Sasa wageni wetu. Mtapewa mbegu ya mamama, iliyojaribiwa, tumekula wenyewe. Itunzeni. Uyoga wa porini usiingie kwenye sufuria kwa neno langu, wala kwa rangi ya vumbi. Hata wenye vumbi jeupe upo unaoua. Mkiniuliza nisichokijua nitawaambia sijui, na mimi nawaomba mzoee kulisema neno hilo, ni jepesi kuliko mnavyodhani. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo, mtu akiwa bado kwenye dripu, kabla kosa lako halijapewa jina la mwenzako.

Nimemaliza. Haya, sogeeni karibu, na kila mtu anawe mikono.