Bi. Suzana Ngassa: Fundi wa Pampu wa Tabora Aliyefika Haiti

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Suzana Ngassa anakabidhi funguo za karakana yetu ya Ipuli baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Aliingia mwaka 1992, fundi mwanamke pekee katika shirika letu la visima, akiwa ametoka Tura kwa treni na sanduku moja la bati. Wapo waliodhani hatamaliza hata kiangazi kimoja. Wote wamestaafu kabla yake.

Tuliofanya kazi chini yake tunajua hakuwa mtu mwepesi. Shikamoo yako ataiitikia vizuri, kisha atakuuliza mbona spana imerudi na tope. Utaitwa uje uisafishe hata kama umeshanawa na ugali uko mezani.

Ukali huo ulikuwa na chanzo, na mwenyewe ametaka kiandikwe. Mwaka 1997 alifunga pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha Ulyankulu. Alifundisha kamati ya watu saba, wote wanaume, kwa sababu ndio waliokaa mbele mkutanoni. Msimu wa kukausha tumbaku ulipofika, wanaume wakawa mabanini, kwenye vibanda vya kukaushia majani, na mpira wa valvu ukakatika. Wanawake waliochota maji pale kila siku hawakuwahi kushika spana. Wakarudi kuchota maji machafu ya bwawani. Wiki tatu baadaye mama mmoja, Adelina, alimzika binti yake wa miaka minne kwa ugonjwa wa kuhara. Bi. Suzana alikaa msibani siku tatu, akamwambia mfiwa kwamba kosa ni lake. Adelina alimjibu, "Basi usilirudie kwa mwingine."

Tangu hapo akaweka utaratibu wake. Hakuna pampu inayozinduliwa mpaka wanawake wanaochota maji waifungue yote, watandaze vyuma kwenye turubai, kisha waifunge wenyewe. Yeye husimama pembeni, mikono nyuma.

Mwaka 2012 programu ya misaada iliyofadhiliwa kutoka Ulaya ilimwazima kwa miezi kumi na minane akasaidie visima tisa vya milimani huko Haiti. Kwenye uwanja wa ndege alipekuliwa nusu saa nzima kwa ajili ya spana zake na chupa ya asali. Lugha ya watu wa huko alijifunza kwa kuanzia majina ya vyuma. Salamu zilifuata baadaye.

Kamati ya kisima cha kwanza ilikuwa imeteuliwa na ofisi ya programu, wanaume peke yao. Bi. Suzana akawaita wanawake. Siku ya uzinduzi wageni walikuta pampu iko vipande vipande juu ya turubai, na wanawake watano wamepiga magoti. Mkuu wa programu alimtaka aifunge yeye mwenyewe haraka, la sivyo arudi kwao. Alikataa. Kazi ilichukua saa mbili na nusu juani, na wageni wengine waliondoka bila kutoa hotuba. Maji yalipotoka, waliobaki kushangilia walikuwa wanakijiji. Alipewa barua ya onyo, lakini hakurudishwa, maana wanawake wa vijiji vingine walikwishasikia habari, nao wakadai kufundishwa vivyo hivyo.

Programu ilifungwa mwaka 2014. Magari ya wafadhili yakaondoka, na ofisi ikageuzwa duka. Kwa miaka kumi na mmoja Bi. Suzana hakujua kama maji bado yanatoka, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwezi uliopita Najiat wa ofisi yetu, ambaye anajua Kifaransa, alimpata kwa simu mwenyekiti wa kamati ya kisima kile cha kwanza, mwanamke wa miaka ishirini na sita. Alisema pampu huharibika mara mbili kwa mwaka, nao huitengeneza siku hiyo hiyo. Alipoulizwa ni nani aliyewafundisha, alijibu kwamba yeye alifundishwa na mama yake. Jina la Suzana hakuwahi kulisikia.

Najiat alisita kuifikisha habari hiyo. Bi. Suzana aliisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi, akasema hajawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Sisi wa Ipuli jina lako tunalo, Bi. Suzana, na tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya utulivu. Pumzika sasa. Maji yanatoka.

Damas Masolwa
Kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana