Komeo na Mlango Usio na Kitasa

Miaka huzunguka taratibu kama jiwe la kusagia; binadamu haoni mzunguko, huona unga tu. Ndivyo ilivyompitia marehemu ndugu yetu, fundi wa kufuli ambaye mtaa mzima ulimwita Komeo, tangu alipozaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga.

Alisoma hadi darasa la saba. Aliwahi kuadhibiwa kwa kufungua kabati la mwalimu mkuu kwa waya. Alijitetea kwamba hakugusa kitu, alitaka tu kujua kabati linakataa nini.

Mwaka 1975 alifungua kibanda chake karibu na soko. Aliaminiwa kwa sababu yeye mwenyewe hakuamini mtu upesi. Mteja aliyepoteza ufunguo alihojiwa kwanza kuna nini nyuma ya mlango, na asiyejua rangi ya pazia lake alirudishwa alikotoka.

Tarehe 2 Juni 1984 alimwoa mshona mapazia, naye Mola akawaruzuku watoto watatu.

Tarehe 17 Agosti 2011, alipokuwa akitengeneza mlango wa chuma wa duka, mlango huo uling’oka ukamwangukia kichwani. Aliamka hospitalini na mikono ileile, lakini kumbukumbu imetoboka. Kila asichokikumbuka alikiita wizi. Chai ikiwa imekwisha, ameinywa mkewe. Saa isipoonekana, ameiuza mkewe. Mwishowe akafunga chumba cha kulala, akauvaa ufunguo shingoni, na mkewe akalala sebuleni.

Mdogo wake Komeo naye alimshuku Komeo mwenyewe. “Kaka anatuchezea shere,” alisema. “Kasha la chuma analifungua amefumba macho, halafu hajui kama amekula? Mjanja huyo!”

Mke alikuwa amekwisha kufungasha nguo zake. Kabla hajaondoka, jirani alimpeleka yeye, mumewe na shemeji yake kwenye darasa la Jumamosi, katika ukumbi wa zahanati, walikofundishwa watu wazima walioumia ubongo pamoja na jamaa zao. Mwalimu wao hakuuma maneno.

“Kumbukumbu ya mikono na kumbukumbu ya mambo hazikai chumba kimoja. Kimoja kimebomoka, kingine kizima. Hadanganyi. Nawe mama, usimwambie ‘umesahau’. Kwake hiyo ni kesi. Mpe kitu akishike, ajishuhudie mwenyewe.”

Mke akarudi nyumbani, ila mzigo hakuufungua. Waliendelea na darasa, hata alasiri moja Komeo akang’oa kitasa cha chumba kwa hiari yake, akamwomba mkewe arudi ndani. Asubuhi yake akafoka: “Kitasa changu umekipeleka wapi, wewe mwanamke?”

Mdogo wake akafumbua kinywa. Shemeji yake akamkanyaga mguu.

“Njoo upapase, baba watoto. Mwizi gani huyu?”

Akapapasa. “Mbao haikuchubuka. Tundu limezibwa, na nyuzi za mbao zimelinganishwa. Huyu si mwizi. Ni fundi.”

“Fundi gani mtaani hulinganisha nyuzi?”

Akamtazama kwa jicho la pembeni. “Mimi.”

“Basi mhoji yeye.”

Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Siku hiyo mke aliufungua mzigo wake.

Shaka haikumtoka Komeo. Aliamka mara nyingi na kesi mpya, akaongozwa mlangoni, akapapasa, akajihukumu. Jamaa wapya darasani aliwaambia: “Mimi sijiamini. Nauamini mlango.”

Januari 2024 alishikwa na homa ya mapafu. Tarehe 6 Februari, akiwa kitandani kwake, alikataa dawa ya muuguzi akidhani ni sumu. Akamgeukia mkewe: “Mlango vipi?”

“Hauna kitasa, baba. Ulikitoa mwenyewe.”

Akanywa. Saa nne asubuhi alifariki dunia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye bado huhudhuria darasa lile na kuwakanyaga wenzake miguu.

Ee Mola, ujuaye yaliyo nyuma ya kila mlango, mpokee mja wako bila kumhoji, umlaze palipo na amani. Na mjane wake na wanawe uwape nyumba isiyohitaji ufunguo. Amina.