Usimtaje Dereva

Pale sokoni Worksop, mji mdogo wa Uingereza, mbele ya kibanda cha Lynne cha chai na mikate ya nyama, kuna benchi la mbao ambalo halmashauri walishawahi kutaka kuling'oa. Wakaja na vifaa vyao, wakakuta limekaliwa. Wakarudi baada ya chakula cha mchana, bado limekaliwa. Wakasusa. Waliolikalia siku hiyo ndio hawa hawa wa leo. Kuna Norman, wanamwita Hakimu, kwa sababu zamani aliitwa mahakamani awe mmoja wa wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi, kesi yenyewe ya kondoo walioibwa, na tangu hapo hajashuka kutoka huko juu. Kuna Clive, Injinia, aliyemtengenezea jirani kibaniko cha mkate na mapazia yakaungua. Kuna Glenys, Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Halafu kuna Wilf, Kigae, fundi mapaa mstaafu, mtu wa maneno machache. Asubuhi hiyo ya Novemba ukungu ulikuwa haujaamua kama unaondoka au unabaki, na Wilf alikuja na nia moja tu: anywe chai yake, aende zake. Glenys hakumpa nafasi.

— Kigae, ile barua umeshaijibu?

— Barua gani?

— Weee! Barua gani! Ile posta waliyoitumbukiza kwangu kwa makosa. Sikuifungua, Mungu shahidi yangu. Ilikuwa na kidirisha, nikaiinua kidogo kwenye mwanga.

— Barua ya nini? Hakimu akauliza, na masikio yameshasimama.

— Ya maegesho, Glenys akasema. Gari la Kigae limekaa pale supamaketi kupita muda wao. Liliingia kabla ya saa sita mchana, likatoka giza limeshaingia. Wanataka pauni mia. Akilipa upesi, sitini.

Wilf akavuta funda la chai ya moto akaungua ulimi. Barua anayo mfukoni, picha zake mbili ameshazikariri: moja gari linaingia mchana kweupe, nyingine linatoka limewasha taa. Tatizo ni kwamba siku hiyo yeye alikuwa Skegness, mbali huko pwani, kwenye mazishi ya fundi mwenzake, na alikwenda kwa basi la kukodi pamoja na wenzake. Gari hilo lina dereva mwingine mmoja tu duniani, naye ni Enid, mkewe. Na Enid leseni hana. Aliirudisha mwenyewe kwa posta mwezi wa nane, daktari wa macho alipomweleza ukweli: pembeni anaona, katikati pameingia ukungu ambao hautaondoka. Kuendesha bila leseni si mambo ya kampuni ya maegesho tena. Hayo ni ya polisi.

Lakini polisi hawakumkosesha Wilf usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba usiku ule aliporudi alimuuliza mkewe umeshindaje, na mkewe akamjibu, "Sijatoka hata mlangoni." Ndoa yote hiyo, hajawahi kumkamata na uongo. Wiki nzima amenuna, hamuulizi, anakula na kulala. Funguo za gari anatembea nazo mfukoni. Kichwani mwake alishaamua kabisa kwamba bibi alikuwa kwenye mgahawa wa mle ndani, keki mezani, na mashoga zake, wanacheka, halafu anakuja kumkazia macho mumewe na kumwambia hajatoka.

— Nalipa leo, akasema. Dawa ya deni kulipa.

Benchi zima likaruka.

— Ulipe! Hakimu akaweka kikombe chini, jambo ambalo halifanyi ovyo. Kigae, una homa? Methali hiyo ni ya deni la mtu na mtu. Kamera ilikukopesha nini wewe?

— Pauni sitini! Injinia akadakia. Kwa kusimama! Gari likitembea linakula mafuta, likisimama nalo linakula. Sasa tuyabebe mgongoni?

— Tulia nikupe sheria, Hakimu akasema. Kwanza, hiyo si faini. Faini wanatoa polisi, mahakama, au halmashauri. Hawa ni watu binafsi, wamekuandikia ankara wakaipaka rangi ya njano upate kiwewe. Pili, na hapa ndipo penye mchezo wote: usimtaje dereva. Gari wanalijua. Mwenye gari wanamjua. Dereva hawamjui. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wilf akainua kichwa.

— Nisimtaje kabisa?

— Kabisa. Hata mimi usiniambie.

— Sikwambii.

— Mmeona? Mtu anajifunza haraka huyu.

— Shemeji yangu wa Retford alifanya hivyo hivyo, Glenys akasema, wakamgeukia mwenye gari. Sheria ilishabadilika zamani, Hakimu. Wewe umebaki na kondoo wako.

— Retford ni Retford.

— Retford iko hapo tu, basi moja!

— Bibie, usinivurugie kesi. Shemeji yako alijibu barua. Kosa ni kujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Unawachunia. Wanaleta ya pili, unachuna. Ya tatu unaandika juu ya bahasha, "Amehama."

— Halafu wanaipeleka mahakamani, Glenys akasema.

— Waende! Hakimu akafurahi kama aliyealikwa harusini. Mbele ya jaji tutawauliza swali moja tu. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka. Kama haraka haina baraka, mtu aliyekaa taratibu pale alikuwa anatafuta baraka. Unamtozaje mtu baraka?

— Na mgeni siku mbili, Injinia akaongeza. Siku mbili! Ya tatu ndiyo unampa jembe. Kigae hajamaliza hata mchana mmoja, na jembe lenyewe hawajampa.

Lynne akachungulia kutoka kibandani na birika mkononi.

— Nani anaongeza, vipenzi vyangu?

Wote wakanyoosha vikombe. Wilf naye akanyoosha chake, ingawa alikuwa amepanga kuondoka. Ilimpa nafuu kidogo kusikia kwamba kuna mahali duniani ambapo kunyamaza ni haki ya mtu, hata kama anayesema hivyo ni Norman.

— Sheria tuiweke pembeni, Injinia akasema, akisogea mbele. Twende kwenye ufundi. Kamera zile nimeziangalia. Mle ndani kuna kioo na kajifeni kadogo. Kajifeni kakiganda kwa baridi, kamera inalala. Gari linatoka, kamera imelala. Jioni kajifeni kanayeyuka, kamera inaamka, inaona gari lingine, inasema lile lile. Gari lako lilitoka zamani, Kigae. Lililotoka usiku si lako.

— Picha ina namba zangu.

— Zimefojiwa! Kuna kikundi Doncaster wanatengeneza namba kama wanavyooka mikate. Saa hizi kuna magari matatu kama lako yanatembea. Moja liko Ureno.

— Ureno linatafuta nini? Glenys akauliza.

— Jua.

— Clive, wewe umechoka.

— Sawa, niiteni mwendawazimu. Mmewahi kuona dirisha ndani ya supamaketi? Hamna. Saa ya ukutani? Hamna. Mnafikiri kwa nini? Mle ndani muda wanauvuta. Unaingia kuchukua maziwa, kwako wewe ni dakika kumi, huku nje jua limetua. Halafu wanakutoza kwa huo muda waliouvuta wao wenyewe. Ni mchongo ule, kutoka mkate mpaka kamera.

Hakimu hakupenda kupitwa kwenye kesi yake mwenyewe. Akakohoa.

— Kuna jambo kubwa zaidi. Ile ardhi yenyewe ni ya nani? Kabla ya supamaketi palikuwa na karakana ya matofali. Kabla ya karakana, malisho ya mtawala fulani. Na kabla ya hapo, Mfalme John alisaini hati kwamba mtu huru asinyang'anywe mali yake ila kwa hukumu ya wenzake. Ya wenzake! Wenzake Kigae ni nani? Si sisi hapa? Sisi tukae, tuhukumu, na hukumu itoke leo.

— Nakubali, Injinia akasema. Hana hatia.

— Redio?

— Mimi nilishasema alipe.

— Kura mbili kwa moja. Na bado sijaligusa lile bango. Wameweka bango la masharti juu kule, maandishi kama mchwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Wao wamekuambia utazame. Maana yake wamekutukana kwamba huna macho. Kigae, hapo hulipi wewe. Unadai fidia!

Injinia akacheka mpaka chai ikamwagika. Wilf akakitazama kikombe chake. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitamani kumwambia Norman anyamaze, na akashindwa, maana angeulizwa sababu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mwenye koti la mvua, chai yake mkononi. Alikuwa mgeni, ametoka Scotland mwezi ule kuja kuishi karibu na binti yake, jina lake Morag. Walimjua jina na kwao tu. Alikuwa amewasikiliza muda wote bila kugeuza kichwa.

— Samahani, akasema. Naomba kuuliza.

— Karibu, mama, Hakimu akasema, lakini sheria za kwenu ni nyingine. Usije ukatuchanganya.

— Sheria siijui. Hiyo supamaketi ndiyo ile ya kwenye mzunguko mkubwa wa barabara? Panapopita malori?

— Ndiyo hiyo hiyo.

— Mle ndani kuna mgahawa?

— Ulikuwepo, Glenys akasema. Waliufunga tangu kiangazi. Sasa hivi hata kiti cha kukalia hamna. Ni mikate, sabuni, na ule mlango unaojifungua wenyewe unakupiga baridi.

Wilf akageuka akamtazama Glenys.

— Umefungwa?

— Miezi sasa. Wewe unaishi wapi, Kigae?

— Basi mimi sielewi, Morag akasema. Kulipa au kutolipa hayo ni yenu. Lakini kuna mtu alikaa pale mchana kutwa kwa baridi hii, mpaka giza likamkuta. Pa kukaa hamna, cha kufanya hamna. Alikuwa anafanya nini?

Hakimu akaangalia kikombe kana kwamba jibu limezama humo.

— Labda kajifeni... Injinia akaanza.

— Clive, nyamaza, Glenys akasema, na safari hii hakuwa anamtania.

Lori likapita barabara ya nyuma ya soko, vikombe vikatetemeka. Hakimu akasema kwamba swali la mama lilikuwa nje ya kesi, halafu mwenyewe akaona maneno yake hayana mashiko, akaacha.

Wilf alikuwa ameitazama ile picha ya pili wiki nzima, na wiki nzima aliona humo mke mwongo anatoka kustarehe. Sasa akaiona tena bila kuitoa mfukoni: gari limewasha taa, mbele yake mzunguko, malori, mvua ya jioni. Akaona aibu, aibu ya mtu mzima, ikampanda mpaka masikioni. Akasimama. Chai ilikuwa bado nusu.

— Unakwenda wapi? Hakimu akasema. Hatujaandika rufaa!

— Nyumbani.

— Haya. Lakini hata ukibanwa vipi, usimtaje dereva!

— Ni Enid, Wilf akasema. Dereva alikuwa Enid.

Akawaacha hivyo hivyo. Glenys, ambaye kwa kawaida habari ya namna hiyo ingefika Retford kabla ya chakula cha mchana, akabaki ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Enid alikuwa jikoni anamenya viazi. Siku hizi alimenya kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akikipapasa kila kiazi kutafuta ganda lililobaki. Wilf hakuvua koti. Akavuta kiti akakaa.

— Siku ile ya mazishi, akasema. Ulikuwa ndani ya gari muda wote ule?

Kisu kikasimama. Enid hakugeuka.

— Nani kakwambia?

— Ilikuja barua. Nilikuwa nimekasirika, nikanyamaza. Nisamehe. Niambie tu.

Enid akakiweka kiazi ndani ya maji.

— Kwenda nilikwenda vizuri. Nilijua kwenda naweza, njia ile ninaijua hata usingizini. Nilitaka ukirudi ukute pai, maana mazishini watu hawali. Nikanunua, nikatoka, nikawasha gari. Nikautazama ule mzunguko, Wilf, nikaona vitu vinapita tu. Sijui gari, sijui baiskeli, sijui mtu. Nikazima. Nikasema nisubiri magari yapungue. Hayakupungua. Halafu giza nalo likaingia.

— Mbona hukunipigia simu?

— Ulikuwa unazika.

Wilf akajipangusa uso kwa kiganja.

— Ukarudije?

— Kuna basi linapakia pale mbele, la huku kwetu. Kubwa, lina taa nyuma. Nikalifuata. Likisimama kituoni, nami nasimama nyuma yake. Watu wanashuka, wanapanda, mimi nasubiri. Nyuma yangu wananipigia honi, nasubiri tu. Kila kituo, Wilf. Kila kituo, mpaka hapa mtaani.