Jibu la Adongo

Ndani ya Probox, teksi ya abiria iendayo Salgaa, mwalimu mstaafu alimuuliza Najwa, mwanafunzi wa chuo anayesomea nyota: "Nyota kubwa si ndiyo huishi zaidi?" "Hapana, mzee. Hiyo huunguza mafuta yake mbio, ikafa mapema. Ndogo ndiyo hudumu." Mimi, abiria mwenzao, pia ningekosea, ila sikuulizwa.

Mzee akasema, "Adongo, msichana niliyemfundisha, alijibu hivyo darasani. Babake alichochea makaa kwenye treni, hivyo binti alijua injini kubwa humaliza makaa kwanza. Nikamwambia amekosea, nikawaacha wenzake wamcheke. Hakurudi shuleni. Sasa ana hoteli Salgaa."

"Basi mwambie alipata," Najwa akasema.

"Baada ya miaka arobaini?"

"Hata leo si mbaya, mzee."

Dereva akasimama mbele ya hoteli yenye kibao cha 'Adongo'. "Mzee, ulisema hapa." Nje, mama mmoja alikuwa akifuta meza.

"Nishushe mbele kidogo," mwalimu akasema.