Wimbo Niliomtungia Bi Zaituni

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa bado na sauti. Wengi mnanijua kama mwalimu wa kwaya. Leo nataka mjue nilikotoka.

Miaka ile ya Ujamaa nilipanga chumba Kariakoo. Mchana nilichora vibao vya maduka, jioni nikapiga gitaa uani na wenzangu. Bendi yetu haikusajiliwa, na redioni nyimbo zangu hazikupigwa, maana nilikuwa nawasema watu. Zilienda kwa midomo tu, mpaka Ilala. Nilijiona bingwa.

Jirani yangu Bi Zaituni, mama mtu mzima, hakujaliwa mtoto. Siku moja alinigombeza kwa sababu ya kelele. Nikamtungia wimbo. Jina sikulitaja, lakini nilitaja mwendo wake, khanga zake, na tumbo lake. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unauimba.

Tukaja kukutana kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuuimba huku wakicheka. Bi Zaituni akageuka, akaniambia taratibu, "Umetunga vizuri, mwanangu. Hata mimi nikipika najikuta nauimba."

Ndugu zangu, afadhali angenitukana. Niliondoka bila sukari. Tangu siku ile, kila nikishika gitaa maneno hayaji. Karibu mwaka mzima nilichora vibao tu. Nikaanza kuja hapa kanisani, nakaa benchi la nyuma, namwomba Mungu anirudishie nyimbo. Kila nikiomba, nauona mlango wa Bi Zaituni.

Mwishowe nikaenda.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuumiza."

Aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Nilishakusamehe, ili nipate usingizi. Lakini ule wimbo huwezi kuurudisha. Ukitunga tena, mtungie mtu akiwa amekaa mbele yako."

Nililia pale barazani kwake bila aibu. Mwezi ule ule nikatunga wimbo wangu wa kwanza wa kwaya.

Wapo wanaoukumbuka wimbo ule mbaya hadi leo, nami siwezi kuwazuia. Bwana hakufuta nilichofanya. Alinifungua nisiendelee kukifanya, na kwa hilo namshukuru kila siku. Nawe uliyemuumiza mtu kwa mdomo wako, usingoje upate maneno mazuri. Mtumaini Mungu, nenda ukapige hodi.